Shemeji wa Ng'ambo

Ufunguo umezunguka, msomaji wangu. Mlango umefunguka. Na kilichotoka kwanza hakikuwa mtu. Kilikuwa harufu.

Kwa anayetufungua leo kwa mara ya kwanza, tukumbushane upesi. Dobi ni mwanamke mwenye duka la kufulia nguo. Ameolewa mwaka huu na Mwalimu, yule mfundisha udereva mwenye ulimi laini. Mama yake Mwalimu, Mama Mkwe wetu, ni mpambaji wa maharusi anayeheshimiwa mtaa mzima, mwanamke ambaye marashi yake hufika kabla yake. Leo asubuhi Dobi alikwenda stoo kwa mama mkwe wake kuchukua vitambaa vya viti akavifue. Akasikia mtu anagonga. Akasogeza rundo la maua ya plastiki, akakuta mlango ambao hakuna aliyewahi kumwambia kuwa upo, na ufunguo umetundikwa pembeni kwenye msumari.

Na sasa umefunguka.

Dobi si mtu wa kinyaa. Anaishi kwa uchafu wa watu. Amefua mashuka ya wagonjwa, amefua makoti ya wachinjaji, amefua zulia lililotapikiwa na bwana harusi mlevi, huku akipiga mluzi. Lakini hapa alirudi nyuma, akaziba pua kwa mkono wa blauzi.

Mkojo uliolala. Jasho lililochacha. Chakula kilichoota ukungu. Na juu ya yote hayo, marashi! Mtu alikuwa amepuliza humo marashi yaleyale ya Mama Mkwe, kama mtu anayepaka poda kidonda.

Mkono wake ukarudi kwenye ufunguo.

"Usifunge," sauti ilisema kutoka gizani. "Tafadhali. Mwanga unafaa."

Alikuwa mwanamume. Ndevu zimemfika kifuani, kucha zimejikunja. Alikuwa amekaa juu ya kiti cha maharusi, kile kikubwa cha rangi ya dhahabu, kilichochanika mpaka sponji ikatoka nje. Ndicho kilikuwa kitanda chake. Pembeni kulikuwa na ndoo. Tusiseme ndani ya ndoo kulikuwa na nini, na hakuna aliyeimwaga jana wala juzi.

Ukuta wote ulikuwa umejaa maandishi. KARIBUNI WATEJA. TUMEFUNGA. HAPA SI CHOO. Herufi zimenyooka, zimepangwa, zina vivuli, kama za bango la duka kubwa. Zimeandikwa kwa kidole, kwa mchuzi uliokauka.

"Wewe nani?" Dobi aliuliza.

"Kwanza wewe."

"Mimi mke wa Mwalimu, yule mtoto wa mwenye nyumba hii."

Mtu yule alimtazama, kisha akatabasamu kwa meno yaliyokuwa na rangi ya kutu. "Ameoa? Mdogo wangu ameoa? Basi wewe ni shemeji yangu. Mimi Brashi. Mabango ya barabara yote ile nimeyaandika mimi."

Dobi alimtazama upya, ndevu mpaka kucha.

Brashi! Brashi yuko ng'ambo! Brashi anafanya kazi kwenye meli za mizigo, hapati likizo, anatuma salamu kwa simu kila baada ya muda. Siku ya harusi yao Mwalimu alisimama na simu mkononi, akasoma ujumbe wa kaka yake mbele ya wageni. Bahari ni pana, lakini moyo wangu umekaa meza moja nanyi leo. Watu walitoa leso. Dobi mwenyewe alilia mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni.

Na wakati huo mwenye salamu alikuwa humu, juu ya kiti kibovu, nyuma ya ukuta ambao upande wake wa pili walikuwa wamepakia mapambo ya harusi hiyohiyo.

Nani basi alikuwa anaandika zile salamu? Dobi hakuhitaji kuambiwa. Aliikumbuka sauti ya mumewe ikitetemeka vizuri alipofika kwenye neno moyo. Kinyaa cha pua kinaisha ukitoka nje ukavuta hewa. Hiki kilikuwa cha aina nyingine.

"Shemeji, ongea polepole," Brashi alinong'ona, akionyesha dari. "Wanasikia hao. Wanahesabu meno yangu. Wakimaliza wanaanza tena."

"Akina nani?"

"Ningewajua ningewaandikia bango waondoke."

"Funga huo mlango."

Sauti hii ya tatu ilitoka nyuma. Mama Mkwe alikuwa amesimama katikati ya stoo, riboni nyeupe zimemning'inia shingoni, nywele zimechanwa, hereni zinang'aa. Hakuwa na mshtuko wowote. Alikuwa na hasira ya mtu aliyekutwa chooni.

"Mama, huyu si ndiye Brashi?"

"Huyo ni msiba wangu. Funga."

"Mlisema yuko melini!"

"Ulitaka niseme nini? Niseme mwanangu wa kwanza ni kichaa wa bangi? Nani angeniita nimpambie binti yake ukumbi? Wangesema mkono wangu una nuksi."

"Kwa hiyo ukamfungia. Kama mbuzi."

"Mbuzi hapelekewi sahani mara mbili kwa siku!" Mama Mkwe alisogea, akashusha sauti. "Nisikilize, mwanangu. Alianza akiwa bado na sare ya shule. Nyuma ya uwanja wa mpira, na wenzake. Nikadhani ni utoto. Ikawa kila siku. Asubuhi kabla hajaosha uso, msokoto. Akishika brashi, msokoto. Kisha akaanza kuandika mabango ya maduka ambayo hayapo. Akaanza kujibu watu ambao hawajaongea. Siku moja akavunja vioo vyote vya nyumba kwa sababu eti kuna mtu ndani ya vioo anamwiga."

"Hukumpeleka hospitali?"

"Nilimpeleka. Walimpa dawa, akatulia. Lakini akawa analala mchana kutwa, ananenepa, watu wanauliza ana nini. Nikaziacha. Nikajiambia, kilichomwingia ni bangi, na bangi hutoka. Nikimfungia mahali asiione wala asiinuse, itamtoka. Tangu hapo hajagusa hata jani."

"Na imemtoka?"

Mama Mkwe alizishika riboni zake.

"Inachelewa," alisema.

Dobi alimtazama huyu mwanamke aliyekula naye meza moja, aliyemfunga shela kwa mikono yake, na akahisi mate yanamjaa kinywani. Aliinama ili asitapike. Na kwa kuinama huko, akaona kitu chini ya kile kiti cha dhahabu.

Kopo la rangi. Kopo kuukuu la rangi, limejaa mpaka mdomoni.

Alilivuta kwa ncha ya kiatu. Lilikuwa limejaa vipisi vya misokoto. Vya zamani vimegeuka matope meusi chini. Vya juu vilikuwa vikavu, na kimoja bado kilikuwa laini, na ncha yake ina unyevu wa mdomo.

"Hajagusa hata jani," Dobi alirudia. "Basi hivi ni nini, Mama?"

Na hapa, msomaji, ndipo Mama Mkwe aliposhtuka kweli. Uso wake ulianguka kama pazia lililokatika kamba. Hakuwa anajua! Alimsukuma Dobi kando, akaingia chumbani, yeye ambaye siku zote aliishia kizingitini, kwa mara ya kwanza tangu lini sijui, akakanyaga alichokanyaga na viatu vyake vya kisigino.

"Nani anakupa hivi? Sema! Nani?"

"Mdogo wangu," Brashi alijibu bila wasiwasi. "Akija ananisokotea. Anapitisha chini ya mlango. Ananiambia, vuta, kaka, unyamaze, Mama ana wateja. Tunavuta pamoja. Yeye huko, mimi huku."



Simu ya Mama Mkwe ilikuwa tayari sikioni.

*

Mwalimu hakuchelewa. Alikuwa kazini, katikati ya somo, kwa hiyo alikuja na gari la shule ya udereva, kibao cha mwanafunzi juu, na kwenye usukani mwanafunzi mwenyewe, dada mmoja karani wa benki aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani. Karani aliambiwa asubiri ndani ya gari. Akasubiri, mikono yote miwili juu ya usukani, kama alivyofundishwa.

Mwalimu aliingia stoo na lile tabasamu lake. Tabasamu lililomfanya Dobi amsamehe kila kitu tangu siku ya kwanza alipomfundisha kuachia klachi.

"Mke wangu. Twende nyumbani tukaongee."

"Tuongee hapa. Ujumbe wa harusi uliandika mwenyewe?"

"Ulitaka siku yetu iharibike?"

"Na hili kopo?"

Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yaliondoka. "Huyu ni mgonjwa. Anasema chochote. Leo atakwambia mimi, kesho atakwambia polisi wa mbinguni."

"Kipisi hiki bado kina mate, Mwalimu. Polisi wa mbinguni hawatemi."

Ndipo Mama Mkwe alipomzaba kibao. Kililia stoo nzima. "Mimi nangoja imtoke, kumbe wewe unamwongezea! Miaka yote hii nasubiri nini?"

"Ungependa nifanye nini?" Mwalimu alilipuka, shavu linawaka. "Alikuwa anapiga kelele! Wateja wako sebuleni wanachagua rangi za vitambaa, yeye huku anatukana dari! Nani alimnyamazisha? Wewe na marashi yako? Ni mimi! Na acha kusingizia bangi. Bangi haimtii mtu wazimu. Mimi navuta tangu wakati uleule aliovuta yeye. Niangalieni! Nina kazi, nina mke, nina leseni!"

Dobi alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja.

Mimi navuta.

Kwa hiyo ndiyo maana ya yale manukato. Kwenye kioo cha gari la Mwalimu huning'inia vimti vya karatasi vyenye harufu ya limau, ya waridi, ya kahawa, rundo zima kama kichaka. Dobi alikuwa akimtania kuwa anapenda usafi kuliko dobi mwenyewe.

Mama na mwana wakaendelea kurushiana. Bangi ndiyo iliyomharibu, mama anasema, ni kosa lake na wenzake. Si bangi, mwana anasema, ni mawazo, aliachwa na mchumba, moyo ulivunjika. Bangi! Si bangi! Na mwenye kichwa kinachogombaniwa amekaa juu ya sponji yake anajikuna kiwiko mpaka damu, na hakuna aliyemuuliza kama amekula.

Dobi alitema mate chini. Kwa makusudi kabisa, mbele ya mama mkwe.

"Nimefua kila uchafu wa nchi hii," alisema. "Wenu hautoki kwa maji."

Akawapa mgongo, akachutama mbele ya kile kiti.

"Shemeji, nina kigari cha duka hapo nje. Ubavuni kimeandikwa DOBI. Jua limekula herufi ya mwisho. Sasa watu wanasoma DOB. Njoo uniangalizie."

Brashi aliacha kujikuna. "Herufi za kukata na kubandika au za mkono?"

"Za mkono."

"Nani kaandika?"

"Njoo uone."

Alisita mlangoni. Alitazama kizingiti kama mtu anayetazama maji asiyojua kina chake. Alisema neno kwa wale wa kwenye dari, akasikiliza jibu, akatikisa kichwa. Kisha akatoa mguu mmoja. Ukafuata wa pili.

Jua lilimpiga akafumba macho, machozi yakamtoka. Akapapasa ubavu wa gari kwa vidole, akifuata herufi. Polepole alifungua jicho moja.

"Huu ni uchafu gani?" alisema kwa uchungu wa kweli. "O imekuwa yai!"

Na Dobi, katikati ya asubuhi mbaya kuliko zote za maisha yake, alicheka.

Lakini geti lilikuwa limejaa. Majirani kadhaa walikuwa wamesogea, wengine wamepanda juu ya matofali. Mama Mkwe alitoka mbio, akawaona, na papo hapo, msomaji, nakuapia, uso wake ukajipanga upya. Meno yakatoka. Mikono ikafunguka.

"Jamani, mwanangu amerudi!" alitangaza. "Karudi kutoka melini! Amechoka na safari tu!"

Brashi alikuwa hana viatu. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa riboni ya harusi.

Jirani mmoja alisema taratibu, "Karibu, baba. Pole na bahari." Hakuna aliyecheka. Mmoja alifunika pua na kutazama pembeni, na ilikuwa wazi kwamba huyo alikuwa anajua siku nyingi. Hilo lilimkera Dobi kuliko uvundo wenyewe.

"Ukimtoa hapo getini," Mama Mkwe alimwambia huku bado anatabasamu, midomo haisogei, "usirudi kwangu."

"Sawa," Dobi alijibu, akawasha gari.

*

Hospitalini walimpokea bila maswali mengi. Wauguzi wawili wa kiume walimwogesha, wakamkata kucha, wakampa pajama ya kijani. Alipopita kwenye korido, nywele na ndevu zimenyolewa, Dobi alimwona kwa mara ya kwanza: alikuwa na kidevu cha Mwalimu. Kidevu kilekile.

Mama Mkwe na Mwalimu walifuata nyuma. Walikuja na gari la shule, karani wa benki akiendesha mwendo wa maiti, akiwasha indiketa hata pasipo na kona. Mwalimu alimwambia asubiri tena, mara hii uani chini ya ukuta wa wodi. Sijui kwa nini yule karani hakukataa. Mtu anayengoja mtihani humtii anayemfundisha.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo na macho yaliyochoka. Aliwakalisha watatu mbele ya meza yake.

"Nani alimfungia?"

Kiti cha Mwalimu kililia. Mama Mkwe alirekebisha hereni.

"Nauliza kwa sababu ana vidonda vya kulalia ambavyo nimezoea kuviona kwa watu waliopooza."

"Ni bangi, Daktari," Mama Mkwe alisema haraka. "Andika bangi. Ilimharibu akili."

"Usiandike bangi," Mwalimu alisema. "Andika mawazo. Aliachwa na mwanamke."

Daktari hakuandika lolote. Alikuwa anawatazama kwa zamu, na Dobi aliona mdomo wake umekunjika kidogo pembeni, kama wa mtu aliyeuma kitu kibichi. Mwenzangu, Dobi alijisemea moyoni.

"Nikwambieni ninachokijua," Daktari alisema, "na nisichokijua. Bangi inaweza kumvuruga mtu akili. Hilo nimeliona kwa macho yangu hapa. Wengi wanavuta na hawafiki wodini kwangu. Wengine wanafika, wanaacha, baada ya muda kichwa kinatulia, wanarudi kazini. Na wengine wanaacha, na kichwa hakirudi kilipokuwa. Ugonjwa unabaki hata moshi ukiondoka."

"Huyu ni wa kundi lipi?" Dobi aliuliza.

"Sijui. Ningejua kama angeacha. Ningejua kama angeendelea na dawa zilizomsaidia mwanzo. Lakini mmoja amemnyima dawa, mwingine amempelekea moshi. Mmemfanya mtu asiyesomeka. Anayeanza mdogo hatari yake ni kubwa zaidi. Anayevuta kila siku, na ile kali, zaidi. Na aliye na ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivi, huyo zaidi na zaidi. Kwa mtu wa namna hiyo moshi ni kama kumwagia petroli kuni ambazo tayari ni kavu. Siwezi kukwambieni ni moshi pekee. Siwezi kukwambieni si moshi."

Akashika kalamu.

"Sasa niambieni. Katika familia, nani mwingine?"

"Hakuna," Mama Mkwe alisema.

"Shangazi, mjomba, babu?"

"Nimesema hakuna. Familia yetu ni safi."

Safi! Dobi aligeuka akamtazama. Kisigino cha kiatu cha Mama Mkwe bado kilikuwa na alama ya chumba kile.

"Mama," Dobi alisema. "Brashi yuko upande wa pili wa ukuta huu. Mtu anamtafutia dawa. Mara moja tu, maisha yako yote, sema kitu ambacho hakijapulizwa marashi."

Mama Mkwe alizungusha pete kidoleni, akaizungusha tena. Na alipoongea hakuwa mpambaji tena. Alikuwa mwanamke mzee, sauti imekwaruza.

"Baba yao."

Mwalimu aliinua kichwa. "Baba gani?"

"Baba yenu. Alianza kuongea na ukuta wakati wewe unanyonya. Alisema redio inamtaja jina. Akakaa chumbani, hatoki, hali. Mpaka alipokufa."

"Ulituambia ni presha!"

"Ningewaambia nini? Mngeoa wapi? Nani angewapa binti?"

"Kwa hiyo Baba alivuta?"

"Baba yako hakuwahi hata kuvuta sigara, mwanangu. Alikuwa akinusa moshi anakohoa."

Hebu mtazame Mwalimu sasa, msomaji. Mtu aliyepiga kifua stoo, niangalieni, nina kazi, nina mke, nina leseni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Damu ile ilikuwa yake. Moshi ule ulikuwa wake. Na alikuwa ameanza siku moja na kaka yake.

Dobi alijaribu kumwonea huruma, na huruma ilikuja, lakini ilikuja imeshikana mkono na kichefuchefu. Huyu ndiye aliyelala karibu naye. Huyu ndiye aliyechutama mbele ya mlango, akamwambia ndugu yake wa tumbo moja avute anyamaze, kisha akaenda kusoma salamu za bahari.

"Na wewe?" Daktari alimuuliza Mwalimu, kwa upole zaidi. "Unavuta kiasi gani?"

"Kidogo. Ya kutuliza tu."

"Kila siku?"

"Nimesema kidogo."

"Usingizi unaupata? Kuna mambo yanakusumbua siku hizi?"

"Mimi niko sawa, Daktari. Mimi si Brashi." Alijifuta uso kwa kiganja, akageuka ghafla kwa Dobi. "Ila mwambie huyo anyamaze kwanza."

"Nani?"

"Huyo anayecheka. Tangu asubuhi ananicheka. Alianza kwenye gari, sasa kaja mpaka huku."

Chumba kilikuwa kimya. Feni ya dari ilikuwa imezimwa. Mama Mkwe alikuwa amejishika mdomo, na hakuna mtu, msomaji wangu, hakuna mtu yeyote aliyekuwa anacheka.

Daktari aliweka kalamu chini taratibu sana. "Kaa, kaka yangu. Tuongee mimi na wewe. Unamsikia tangu lini?"

"Mmepanga," Mwalimu alisema. Aliwatazama mmoja mmoja, na alipomfikia mkewe macho yake yalimpita kama vile hamjui. "Mmepanga wote. Mnataka kuniweka kule ndani na yeye."

"Mume wangu, hakuna aliyepanga..."

Kiti kilianguka. Mlango uligonga ukuta. Dobi aliruka juu ya kile kiti, kiatu kimoja kikabaki nyuma, akatoka koridoni mbio, akiita. Wauguzi walikuwa mwisho wa wodi na Brashi. Mlinzi wa mlangoni aliinuka akiwa amechelewa.

Uani jua lilikuwa kali. Karani wa benki alikuwa bado amekaa kwenye usukani, mkanda amefunga, amewasha injini ili apate kipupwe. Mwalimu alijitupa kiti cha pembeni, akavuta mlango.

"Simamisha!" Dobi alipiga kelele, akipunga mikono yote miwili. "Dada, zima gari! Zima gari!"

Karani aligeuza kichwa. Alimwona mwanamke anayekimbia na kiatu kimoja. Kisha akamgeukia mwalimu wake kuuliza kulikoni.

"Usimsikilize," Mwalimu alimwambia, kwa sauti ileile tulivu ya darasani. "Nenda moja kwa moja. Usikanyage breki mpaka nikwambie."

Na karani, ambaye amezoea kufanya kila anachoambiwa na mwalimu wake, akakanyaga mafuta.